Kidonge Chako, Kidonge Changu

Kiamaiko, 5 Mei 2025

Dada Nthambi,

Niaje, sista? Mvua imewakumbuka huko Wote? Mimi mzima, nanuka mbuzi tu. Siku hizi nachuna ngozi haraka kuliko wazee wa machinjioni.

Usidhani muuguzi ni wewe pekee kwetu. Jumamosi nilikuwa na Triza, yule wa miaka ishirini na moja anayeingia chuo cha ualimu Septemba. Mpira ukapasuka. Jana nikanunua P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kwa kemisti. Karatasi yake ni Kiingereza cha mahakamani, lakini jina linajieleza: vidonge viwili, watu wawili. Akameza chake, nikameza changu. Nionyeshe mwanaume mwingine Eastlands anayeweza hivyo.

Mdogo wako, Muoki


Wote, 9 Mei

Muoki,

Sijambo. Nilikuwa vijijini na chanjo, simu imepata chaji leo. Nilicheka, halafu nikakaa chini. Vyote viwili vilikuwa vya Triza. Dawa hiyo huchelewesha yai, na humezwa mapema, ndani ya siku tatu. Zimepita. Tena hata angemeza zote, haimkingi mkilala tena kesho. Mwambie leo. Wiki tatu tangu siku ile, apime.

Dada yako


Kiamaiko, 12 Mei

Dada,

Habari za kazi? Sijamwambia. Nimeshajisifu kwa vijana wote hapa, sasa niseme nilimeza dawa ya wanawake? Jana alikuja, akasema tuko salama kwa vile alimeza. Tukalala tena, bila mpira. Usininunie, bahati yangu huwa kali.

Muoki wako


Wote, 12 Mei

Ya jana bado ina dawa. Mpeleke kwa kemisti leo hii, ameze zote. Salamu baadaye.

Dada yako


Kiamaiko, 3 Juni

Dada,

Hamjambo huko? Mimi hivyo hivyo. Sikumpeleka. Ningeelezaje dawa ya pili bila kutaja ya kwanza? Amepima, mistari miwili. Nikamwambia labda P2 ilikuwa feki. Akaenda kumtukana mama wa kemisti mbele ya watu. Sasa yuko Njiru kwa shangazi yake, hashiki simu yangu. Mpigie wewe, una maneno matamu. Namba ndiyo hii.

Mdogo wako


Wote, 8 Juni

Muoki,

Nimezungumza naye. Anakiandikia chuo barua wamngojee mwaka mmoja. Aliuliza kama ulijua. Nikamwambia ndiyo, tangu tarehe tisa, na tarehe kumi na mbili nilikuambia umpeleke.

Alisema, “Asante, dada.” Leo namba hiyo haipatikani, hata kwangu.

Dada yako