Kreti ya Maembe

Jumatatu, usiku

Na sikuandika fomula hata moja ubaoni. Nimeanza kozi ya takwimu kwa swali tu: umeletewa kreti ya maembe kutoka Matuu, utajuaje kama ni matamu bila kuyakata yote?

Niliogopa wanafunzi watanyamaza. Wapi, walibishana kweli. Mmoja akasema ataonja mawili ya juu, na hapo Mutua, ambaye mamake huuza maembe, akacheka mpaka akashika dawati. "Mwalimu, mazuri ndiyo tunapanga juu. Mabaya yako chini."

Mwende akasema, "Basi nitafumba macho nichukue popote."

Sampuli nasibu hiyo, mada niliyokuwa nimeiwekea wiki ya nne, na imetoka kwa msichana aliyeniambia asubuhi kwamba anaogopa hesabu. Nimeshinda nikijichekea peke yangu. Mkuu wa idara akiuliza mbona sifuati silabasi, sijui nitamwambia...

Jioni nikapita sokoni. Nikafumba macho, nikapenyeza mkono hadi chini kabisa ndani ya kreti ya maembe.

"Kwani leo mko na nini?" mama muuzaji akaniuliza. "Kuna vijana wa chuo wametoka hapa sasa hivi, na hao pia walikuwa wamefumba macho."