Jambo Nililomficha Rafaeli

Jumapili, 3 Novemba 1974

Padre amekuja leo kutoka Kilosa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baada ya misa katangaza: mzee Vitalis anapumzika ukatekista mwisho wa mwezi, mguu umemshinda. Atakayeshika nafasi yake atapelekwa chuo cha makatekista, kisha arudi kwetu. Majina yaliyopendekezwa ni mawili. Langu mimi Lukasi, na la Rafaeli.

Rafaeli! Kaja juzi tu na lori la Operesheni Vijiji, nyumba yake bado haina hata mlango. Mimi nimeanza kugonga kile kipande cha reli tulichopewa Kimamba, kengele yetu, tangu tunasali ndani ya ghala la pamba. Nimebeba mkoba wa mzee Vitalis. Nimefundisha watoto wa komunyo. Nimezika watu kwenye mvua. Yeye kafanya nini? Kaimba.

Padre kasema sisi wawili tusali sana, lakini tusimpangie Mungu kazi. Tumwambie tu: utakalo lifanyike. Nikaitika Amina kuliko wote. Mimi sina wasiwasi, najua atakalo. Angetaka nini kingine?

Jumanne, 5 Novemba

Shamba la ujamaa, kufyeka. Rafaeli kaanzisha wimbo huko mwisho wa mstari, mara mapanga yote yakawa yanashuka pamoja. Hata mwenyekiti kacheka. Hata Mwamvua, ambaye si wa dini yetu, kasema huyu kijana angefaa kuwa padre kabisa.

Wivu ni dhambi. Najua, nawafundisha watoto kila Jumamosi. Lakini leo umenikaa kooni kama ugali wa huu unga wa njano wa msaada. Haupandi, haushuki.

Ijumaa, 8 Novemba

Sironga kafika kwa mzee Vitalis. Ni mtoto wa mzee Ngoitiko, wafugaji wa kule njia ya Mikumi. Mama yake alibatizwa akiwa kitandani, akafa wakati wa masika. Sasa ni mwezi wa marehemu, wanaomba mtu aende bomani kwao awaombee. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na sita.

Nikaanza kupanga safari kichwani. Mzee Vitalis kasema aende Rafaeli! Eti mimi kule nimeshafika, wananijua, acha na mwenzangu wamjue. Kazi yangu ni kumwelekeza.

Nimesema sawa, mzee. Nimerudi nyumbani sijamwamkia mtu njiani. Mke wangu Siwema kaniuliza, baba Ida, nani kakuudhi? Nimemwambia ni jua.

Jumatano, 13 Novemba

Rafaeli kaja kuelekezwa. Nimempa kigoda, kakaa mkekani. Unyenyekevu wake nao! Kauliza kila kitu, nami nimemjibu kila kitu. Usiingie bomani moja kwa moja, ngoja langoni mpaka uitwe. Watoto watakuletea vichwa, waguse, ndiyo salamu yao. Maziwa ukipewa, kunywa. Usiulize ng'ombe wako wangapi, ni vibaya. Yote kweli tupu.

Halafu kauliza, "Marehemu aliitwa nani, kaka? Kwenye sala kuna mahali pa jina."

Nikamwambia: Soila.

Akalirudia mara mbili asilisahau. Na mimi nikanyamaza.

Wale hawataji jina la mtu aliyekufa. Sironga mwenyewe aliniambia njiani, tulipokwenda na mzee Vitalis baada ya msiba. Kulitaja ni kama kufukua kaburi. Kuna katoto ka kike pale bomani kalikuwa na jina hilo hilo, siku ile ile wakakabadilishia. Mzee Vitalis aliposali alisema "mama yetu huyu" tu, basi.

Sikusema uongo. Kauliza jina, nimempa jina. Na nimesali hivi: Bwana, kama unamtaka yeye, uzuie ulimi wake. Usipouzuia, nitajua utakalo. Sala nzuri, nadhani. Nimemwachia Mungu.

Alhamisi, 14 Novemba

Siwema alisikia yote akiwa jikoni. Asubuhi kaniuliza mbona sikumwambia lile la jina. Nimesema nimesahau. Akasema basi kijana bado yupo, kamwambie. Nikasema nikitoka shambani.

Sikwenda.

Ijumaa, 15 Novemba

Rafaeli kaja kuazima baiskeli yangu. Nimempa. Nimemjazia upepo mwenyewe mpaka matairi yakawa magumu kama jiwe, nimeupaka mnyororo mafuta. Kashukuru sana. Nimefanya kila kitu kwa mikono, mdomo sikuufungua.

Jumamosi, 16 Novemba

Ameondoka asubuhi. Watoto wa komunyo wamekuja, nimewafundisha Baba Yetu. Ida wangu kakaa mbele. Kila wakifika "utakalo lifanyike" mimi moyoni nasema nitakalo. Mara ya mwisho nimewaambia waende wakacheze.

Saa hizi ameshafika. Wameshamkaribisha. Siwema kafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumapili, 17 Novemba

Karudi katikati ya ibada. Kaegemeza baiskeli ukutani, kasimama nyuma. Mzee Vitalis kamwita mbele atupe salamu za bomani. Nilidhani atapamba maneno. Kasema yote, hakuficha.

Alilitaja jina kwa sauti ile yake ya kuimba. Wanawake wakainuka wakatoka. Mzee Ngoitiko akajifunika shuka kichwani. Kale katoto kakalia. Sironga akamshika mkono Rafaeli akamtoa langoni, naye kijana akalala kwa watu wengine njiani.

Mzee Vitalis kageuka kwangu, kauliza mbele ya watu wote kama sikumweleza mwenzangu. Nikatazama miguu yangu.

Rafaeli kasema, "Alinieleza, mzee. Mimi ndiye nimesahau."

Kanidanganyia! Mimi! Na unajua nilihisi nini, ewe daftari? Si aibu, aibu ilikuja baadaye njiani. Nilihisi wivu. Hata katika hili kanipita. Nimemchukia kuliko siku zote.

Jumanne, 19 Novemba

Mzee Vitalis kaniita. Kasema Rafaeli bado hajakomaa, mtu wa kusahau jambo kubwa vile hawezi kuachiwa watu. Jumapili padre akija atamweleza hivyo. Nafasi ni yako, mwanangu, na akanishika kichwani.

Basi nimepata. Nilimwomba Mungu anionyeshe, kanionyesha, au sivyo? Mbona chakula hakishuki? Siwema ananiwekea sahani na kwenda kukaa nje. Haniiti baba Ida. Haniiti chochote.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekwenda kwa Rafaeli. Anapiga randa mbao za mlango wake. Hakusimamisha kazi. Nikazungukazunguka, nikasifu mbao. Mwisho kasema mwenyewe kwamba anajua. Sironga alimwambia pale langoni: Lukasi nilimweleza kwa kinywa changu.

Nikamuuliza sasa kwa nini ulisema umesahau.

Kasema, "Watoto wako wa komunyo walikuwa benchi la mbele. Ida alikuwa ananitazama. Ningesemaje?"

Nilitaka kuomba radhi. Maneno yalifika kwenye meno. Akaendelea na randa, kisha akasema bila kunitazama, "Lakini usinielekeze tena jambo lolote, kaka."

Kumbe naye ana hasira! Nilifurahi kidogo kuliona hilo. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumapili, 24 Novemba

Kristo Mfalme. Naandika nyuma ya kanisa, daftari gotini, nyundo ya reli miguuni. Padre ameshafika. Mzee Vitalis ameshaongea naye. Padre kapita hapa kanipiga bega, kasema baada ya misa atalitaja jina, nijiandae kusema machache.

Asubuhi nimejaribu kusali. Nikasema Bwana, utakalo. Nikaishia hapo, maana nilijua anataka nini. Nimejua tangu siku ile ya mkekani. Sikuwa namuuliza, nilikuwa namzungusha. Nataka kusema ukweli, na nataka chuo. Nataka vyote viwili. Hivi ndivyo nilivyo, basi.

Tena nikisema leo, nafasi ni ya Rafaeli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa hivi, na mlango wake keshauweka, nimeupita asubuhi, mlango mzuri.

Watu wamejaa. Rafaeli katoa kichwa dirishani: reli, kaka, muda umefika.

Nasikia minong'ono. Nimechungulia. Mzee Ngoitiko yupo! Hajawahi kukanyaga hapa. Kakaa benchi la mbele na fimbo yake, watoto wa komunyo wamebanana kumpa nafasi, Ida ubavuni mwake. Kaniona. Nikamwinamia kwa mbali, shikamoo haikutoka.

Sironga kaja huku nyuma. Kasimama hapa mbele yangu. Kasema, "Baba anauliza ni nani aliyempa yule kijana jina la mama. Mgeni asingelijua. Mimi sijamjibu. Nimeona nikuachie."

Nimemwambia angoje, nigonge reli kwanza.

Nimegonga. Nimegonga kuliko siku zote, mpaka mkono umekufa ganzi. Wameanza kuimba ndani.

Sironga bado amesimama.