Beringi za Gurudumu la Mbele

Mume wangu,

Hatujambo, isipokuwa baba yako. Aliposikia unarudi, aliamua kubadilisha beringi za gurudumu la mbele ili uikute pikipiki yako iko tayari. Akaiinua kwa kuweka stuli ya jikoni chini ya injini. Nikamwambia, "Baba, subiri nikaazime jeki kwa fundi."

Akacheka. "Stuli hii ni ngumu kuliko mimi."

Alipovuta ekseli kwa nguvu, stuli iliteleza na pikipiki ikamwangukia mguuni. Mfupa ulivunjika.

Alinikataza kukwambia, eti usije ukaingiwa na hofu safarini. Kumbe hata safari hukuwa nayo. Dada yako ndiye aliyenipasulia kwamba umeoa huko, na mtoto ameshaanza kutambaa. Hongera.

Ile kazi niliimaliza mwenyewe. Fundi alinielekeza niiweke pikipiki kwenye sakafu ya saruji, juu ya stendi ya kati, nifunge nyuma kwa kamba kwenye nguzo, kisha niweke ubao kati ya jeki na injini. Nikaipandisha polepole, nikaitikisa kwanza. Ilipokataa kuyumba, ndipo nikafungua gurudumu.

Tangu atolewe plasta, ninampakia baba yako kwenye pikipiki hiyo kumpeleka kliniki. Tukirudi huuliza kama umepiga simu, nami husingizia mtandao. Jana alinishika mkono akasema, "Mwanangu, usimchukie. Atakuja."

Mpigie umwambie mwenyewe. Mimi nimechoka kukusemea uongo.

Ni mimi, niliyebaki na baba yako.