Mbu wa Idah na Kofia ya Muhdhar

Barani, Malindi
Juni 1982

Kwa ndugu yangu Gharib,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Mkeo na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila goti langu la kulia, nalo si la kuandikiwa barua. Anayeniandikia ni Idah, mpangaji wangu, binti wa Rabai. Kazi yake kufuga mbu. Usicheke, mjini kuna homa ya viungo, naye awachunguza wanaoieneza.

Wamjua Muhdhar, fundi wa vitanda, aliyefiwa na mkewe. Kila Ijumaa alikuwa akinywa kahawa kwangu, nami nikimshonea kofia. Ghafla akakoma kuja. Ijumaa ya tatu nikasema mzee kapata mke kijana, nikaanza kuitafutia ile kofia kichwa kingine.

Basi mwezi uliopita nikampelekea Idah chakula kazini, akanionyesha vizimba viwili vya wavu. Katika kimoja, jike akiruka, madume wauandama mvumo wa mbawa zake kama waliosikia ngoma ya harusi. Katika cha pili madume wamejibandika wavuni, jike apita, hapana ageukaye. Nikasema hawa wamemchoka. Idah akasema huenda hawakumchoka. Wana virusi mwilini, naye bado achunguza kama ndiyo sababu.

Sikungoja amalize kuchunguza. Nilikwenda moja kwa moja kwa Muhdhar. Nikamkuta kajikunja chini ya blanketi, hata kikombe hawezi kukiinua. Nikamgombeza kwa nini hakutuma mtu. Akanijibu kwamba hakutaka nimwone akitetemeka kama kifaranga. Nikamwambia nimeshamwona, na afungue kinywa anywe uji.

Sasa mzima, alhamdulillahi. Ijumaa iliyopita alikuja kwa miguu yake, nikamvika kofia, akayasema aliyokuwa akiyameza na kahawa miaka miwili: ataka kunioa. Nimekubali, Gharib. Wajukuu nimewaambia, wamecheka, kisha wakaniuliza nitavaa nini. Baba hayupo, walii wangu ni wewe, na bila radhi yako sitaki kuolewa. Njoo uniozeshe. Ukikawia nitakufuata huko Lamu na goti langu hili.

Wasalimie wote, wadogo uwabusu.

Zawadi usihangaike. Niletee chandarua kipana, nilicho nacho ni cha mtu mmoja. Idah aona haya kuuandika mstari huu, nimemlazimisha.

Dada yako akupendaye,
Kuluthumu
(doa hili ni kidole changu)