Siku Niliyowasalimu Vijana Vibaya

Mumo, mjukuu wangu,

Hapa mtaani Mowlem sote tu wazima. Nyanya yako anasema ule vizuri, maana kwenye picha uliyotuma anaona miwani tu.

Umeniuliza kwa nini majirani hugeukiana, na kama nadharia za mwalimu wako ni za kweli. Nadharia sina. Nina salamu moja tu niliyoiharibu.

Uchaguzi ulikuwa umeleta fujo. Mimi na jirani yetu Wafula, Mkamba na Mluhya, tulikuwa tukitoka kazini tulipokuta vijana wenye marungu wamefunga njia, wakimuuliza kila mtu kabila lake. Jibu baya lilileta kipigo, na hatukujua baya ni lipi. Nikaona niongee Sheng, lugha ya vijana wa mjini, wasijue nilikotoka. Nilikuwa nimesikia vijana wa ploti wakiitana "fala" huku wakicheka, nikadhani maana yake ni rafiki.

"Niaje, mafala!" nikapaza sauti.

Wafula akafumba macho.

"Buda, umetuita wajinga?" akauliza mwenye rungu kubwa.

"Msameheni," Wafula akasema. "Sheng yake ameisomea kwenye kwaya ya kanisa."

Mmoja akacheka, kisha wote. "Wapitisheni hawa! Buda, rudi shule!"

Hakuna aliyekumbuka kutuuliza kabila. Mwalimu wako atakueleza kilichotokea pale. Mimi niliona tu kwamba ni vigumu kumpiga mtu aliyetoka kukuchekesha.

Wafula bado ni jirani yetu. Kila asubuhi hugonga ukuta: "Niaje, fala?"

Nami huitika.

Babu yako