Mmea wa Mama Usio na Jina

Jumatatu, 3 Machi

Kutwa nimesimama kwa dobi nikipiga pasi shuka za hoteli. Miguu si yangu. Narudi nyumbani nakuta ule mmea wa marehemu mama umeangusha majani mengine manne! Ule unaotambaa, kutoka kwenye chungu juu ya kabati fupi hadi kwenye kiti cha baba. Jina lake hakuna anayelijua. Nimemuuliza baba, anasema mama aliuita "huyu" tu. Miaka thelathini ya ndoa, hiyo ndiyo elimu aliyobaki nayo.

Angalau shuka za baba ni kavu, wiki ya pili sasa. Ile dawa mpya ya moyo ilikuwa inamkojoza kitandani, maskini. Mungu mkubwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeupiga picha. Simu imenipa majina matatu, moja la mboga. Ovyo!

Kaka kapiga simu. Nisiuache ufe, ndiyo kumbukumbu ya mama. Mkono mtupu haulambwi, lakini maneno bwerere! Aje auchukue basi, na baba juu yake. — Nimeandika, nimejuta. Sifuti.

Miguu ya baba imevimba. Anasema eti ni kukaa sana.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempelekea muuza miche kitawi. Kabonyeza jani — nene, linang'aa kama limepakwa nta. Jina hajui, alau mkweli. Ila mimea ya majani hayo hujiwekea maji yenyewe, anasema, na huu unaozeshwa mizizi. Kaniuliza, kwa nini naumwagilia kila siku? Mimi? Mara moja kwa wiki, tena nikikumbuka! Kasema nibadilishe udongo, mizizi myeusi niikate.

Jumapili, 9 Machi

Nimetandika gazeti sakafuni, nikaung'oa. Udongo tope tupu. Na ndani ya tope, vidonge. Vyeupe, vingine vimeyeyuka nusu. Nimehesabu kumi na kimoja nikaacha. Ni vile ninavyomwachia baba kila asubuhi na glasi ya maji, kisha mimi huyoo kazini.

Nikapandwa na hasira. Baba, unataka kufa?

Hakunitazama. Akasema kutwa nafua shuka za watu, nirudi nifue na za kwake?

Nikamwambia nitafua.

"Najua utafua, mwanangu. Ndiyo maana."

Nimelia hapo hapo, mikono imejaa tope. Miguu yake hata kandambili haziingii tena, na mimi wiki mbili nashukuru shuka kavu!

Nimemletea kidonge kingine. Kakataa. Kisha katoa sharti: atameza, lakini shuka atafua mwenyewe. Mwenyewe! Mikono inayotetemeka, vifungo vya shati namfunga mimi.

Mmea bado uko kwenye gazeti, mizizi nje. Kidonge kiko mezani. Nimemwambia naandika kidogo kwanza. Anasubiri nimjibu.