Mgeni Niliyemkaribisha Nyumba Isiyo Yangu

Kwako Bi Zakiya wa gazetini,

Assalaam alaykum. Barua hii nimeiandika mara tatu na mara zote nimeichana, leo nimesema liwalo na liwe, maana siku zimebaki kumi na tisa na mimi nala chakula bila ya kujua ladha yake, naomba unisaidie.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na moja, nimezaliwa na kukulia Marekani, baba yangu ni Muomani wa Unguja aliyekwenda kusoma huko akabaki, na Kiswahili hiki nimekipata kwa bibi yangu ambaye hakuruhusu Kiingereza kivuke mlango wa jikoni. Mwaka huu chuo kilinipeleka Ujerumani miezi sita, mji mdogo wa kusini, nikakaa nyumbani kwa mjane mmoja wa miaka sabini na moja anayeitwa Gerlinde, yeye na mbwa wake, na nilipomaliza nikaja hapa Maskati kukaa mwaka mmoja kwa shangazi yangu Mahfoudha, mtaa wa Hail, nijifunze Kiarabu na niwajue watu wangu.

Bi Zakiya, kule Ujerumani nilijiona mjinga tangu siku ya kwanza. Bibi Gerlinde aliniuliza kama nataka mkate na jibini, nami kwa adabu niliyolelewa nikasema hapana ahsante, nikingoja anishike mkono aniambie haiwezekani, kula mwanangu, yeye akasema sawa, akakusanya sahani akaenda kuziosha. Nililala na njaa siku mbili, siku ya tatu nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Nikitoka nje nikamuuliza jirani hali yake huku napita, kama tufanyavyo Marekani, anasimama ananieleza goti lake lilivyovimba na daktari alivyosema, kisha anangoja na mimi nimweleze yangu. Kule neno ukilisema umelisema. Lakini bibi yule alininunulia kikaango kipya akakiandika jina langu ili kisiguswe na nyama ya nguruwe, na Ramadhani ilipoingia akabandika saa za kufuturu ukutani, na kila siku supu ikawa mezani dakika ile ile, hata siku aliyokuwa na homa. Nampenda, sioni haya kusema.

Siku ya kuondoka alinisindikiza kituo cha treni, nikamwambia karibu Maskati uje ukae kwetu, akasema hapana, hatoweza, nikamwambia lazima uje, akasema atatusumbua, nikamwambia nyumba ni yako bibi, usipokuja ntakasirika. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Basi akafungua mkoba, akatoa daftari lake dogo, akavaa miwani, akaniuliza, "Lini?" Nikacheka, nikasema Novemba, joto linakuwa limepungua, akaandika, mimi nikapanda treni nikasahau, na hiyo nyumba niliyomkaribisha hata mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaikanyaga kizingiti.

Juzi kaniandikia kwamba tiketi keshakata, anafika tarehe kumi na nne saa kumi na mbili jioni, atakaa siku kumi na mbili, na anauliza kwetu chai ya asubuhi hunywewa saa ngapi. Hajapanda ndege maisha yake yote.

Shida ni kwamba shangazi hajui kama kuna Gerlinde duniani. Kabla sijafika hapa mama alinambia kwenye simu, "Kwa shangazi yako sema ulikaa dakhalia, bweni la chuo, na wasichana wenzio, ukimwambia ulikaa kwa Mzungu mwenye mbwa hatokwisha kukuuliza ulikula nini na uliswali wapi." Nikasema dakhalia, na uongo ule umekuwa mkubwa kuliko mimi, kwa sababu mwezi uliopita tulikuwa harusini Sidab, wanawake wamejaa, shangazi akanishika bega akasema kwa sauti, "Huyu mtoto wa kaka yangu kakaa Ulaya miezi sita, dakhalia moja kwa moja, hajalala nyumba ya mtu hata siku moja," na wote wakasema mashaallah, na mimi nikainama nikanywa kahawa.

Nimemweleza binamu yangu Wael, mtoto wa shangazi, yeye kaniambia jambo jepesi, "Mwandikie mama anaumwa sana, nyumba haipokei wageni." Ujumbe nimeuandika, uko kwenye simu yangu, sijautuma na sitautuma. Nimeazimia bibi huyu aje, kwa kuwa yeye hajaniambia neno hata moja ambalo hakulitimiza. Lakini nikimwambia shangazi ukweli nahofia atanirudisha kwa baba na tiketi ya kwenda tu, na nisipomwambia, Bibi Gerlinde atatua uwanja wa ndege hana pa kwenda. Naanzia wapi?

Mimi mgeni wa Hail

*

Mwanangu mgeni wa Hail,

Wa alaykum salaam. Pole, na sasa kaa kitako nikugombeze.

Tangu lini mgeni akamkaribisha mgeni? Sisi hapa tukisema karibu mara tatu, mwenzetu anajua kwamba ya tatu inasemwa huku yeye keshavaa viatu. Na huko kwenu Marekani, kama nilivyosikia, mtu anakwambia njoo nyumbani siku yoyote, na ukienda anashangaa. Wewe umechukua adabu ya Unguja na ya Marekani ukazichanganya, ukampa bibi wa watu asiyejua hata moja kati ya hizo. Na ulishaonywa! Kwa siku mbili ulilala na njaa ukijifunza kwamba watu wale wanayachukua maneno kama yalivyo, kisha kituoni ukayamwaga kama mchele wa harusini.

Sasa huyo Wael. Maneno huumba, mwanangu. Mtu anayemtia maradhi mama yake mzima kwa ulimi ili akwepe kutandika kitanda cha mgeni, ushauri wake usiutafute tena hata juu ya bei ya vitunguu. Ule ujumbe ufute, usiuache kwenye simu ukingoja siku utakayoogopa zaidi.

Lakini nimependa kwamba umeazimia, na azma hiyo usiiachie. Kuna jambo moja tu umelisoma vibaya. Unamwogopa shangazi yako kwa sababu ya mbwa na kikaango. Shangazi yako ni mtu mzima, anajua najisi huoshwa. Kitakachomuuma ni kwamba ulimwacha ajisifu mbele ya watu kwa uongo wako, na wewe umekaa ubavuni mwake unakunywa kahawa. Hapo ndipo ulipomkosea, kwa hiyo hapo ndipo pa kuanzia.

Usianze na supu ya Ramadhani. Najua utataka kuanza nayo, ili alainike. Atakujua mara moja, sisi tumelea watoto. Baada ya alasiri, akiwa peke yake na hakuna jirani aliyekuja, kaa chini karibu yake useme hivi, "Shangazi, nimekudanganya. Sikukaa dakhalia, nilikaa kwa bibi mmoja Mjerumani, na nilikuacha ukanisifu Sidab nami najua si kweli. Nisamehe." Kisha nyamaza. Atasema mengi, mengine yatakuchoma, yapokee. Asipouliza nani alikufundisha kusema dakhalia, usimtaje mama yako. Akiuliza, sema kweli, lakini umpigie mama yako simu kabla ya siku hiyo umwambie unakwenda kusema, asije akaulizwa ghafla akaongeza uongo wa pili. Mdomo uliosema ni wako, mzigo ubebe wewe.

Akishatulia ndipo umwambie habari ya mgeni, na umuombe. Nimesema umuombe, usimpe taarifa. Nyumba ni yake, na ana haki ya kusema hapana. Akikataa, siku hiyo hiyo umwandikie Bibi Gerlinde ukweli mzima, kwamba nyumba ile haikuwa yako ya kuitoa, na umtafutie chumba safi Matrah, karibu na bahari, uwe naye kila siku ya hizo kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, na uwanja wa ndege uwe umefika kabla yake. Kwa vyovyote, atokee mlango ule akuone umesimama.

Mimi lakini nadhani hatokataa. Atakasirika siku mbili, ya tatu atakuuliza mgeni hali chakula gani. Hapo umwambie na hili, kwamba hapana ya mgeni huyu ni hapana, asimjazie sahani mara nne, bibi ana miaka sabini na moja na atakula zote kwa kudhani ni amri. Na chai mkimwambia saa moja na nusu, saa moja na nusu atakuwa mezani kavaa na kachana nywele, kwa hiyo na wewe uamke.

Kurudishwa Marekani unakuogopa, nakuelewa. Ila ukikaa hapa mwaka mzima kwa uongo utakuwa umewajua watu gani, na wao watakuwa wamemjua nani?

Sasa nisikilize vizuri. Barua yako inachapwa Ijumaa. Majina nimeyabadilisha yote, lakini mwanamke wa Kijerumani wa miaka sabini na moja na harusi ya Sidab siwezi kuvibadilisha nikabaki na barua, na mashangazi wa Hail wanausoma ukurasa huu kabla ya habari za dunia. Ndiyo maana jibu nakupelekea mkononi leo, Jumatatu. Una siku tatu na jioni moja. Shangazi yako asiyajue kwangu.

Bi Zakiya